Wanafunzi wa vyuo, tutoke hosteli: mchezo wa jukwaani, sinema na maonyesho ya picha kama tiba ya msongo wa masomo

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ukipita katika hosteli zetu hapa Dar es Salaam usiku, wiki mbili tatu kabla ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, utakuta taa zinawaka hadi alfajiri na vijana wa aina mbili chini ya taa hizo. Wapo wanaopiga msuli kwa desa (nakala za masomo) za watu wengine, wakijaribu kumaliza kwa usiku mmoja kozi iliyofundishwa muhula mzima. Na wapo waliokwisha kuchoka, ambao wamejilaza kitandani na simu juu ya uso, wanaangalia tamthilia ya Kikorea au ya Kituruki kipande baada ya kipande, na ukiwauliza watakujibu kwamba wanapumzisha kichwa. Ninaanzisha uzi huu kwa ajili ya hawa wa pili. Wanachokitafuta ni haki yao na ni kitu chema, lakini asubuhi wanaamka na macho mekundu, kichwa kizito na hofu ileile waliyolala nayo.

Hoja yangu ni kwamba sinema, maonyesho ya picha na michezo ya jukwaani humpumzisha mwanafunzi kwelikweli pale anapotoka na kuyafuata huko yaliko, akakaa nayo tangu mwanzo hadi mwisho pamoja na watu wengine, huku simu na daftari vikiwa mbali na mkono wake. Kazi hiyohiyo ya sanaa ikitazamwa kitandani, katikati ya jumbe za kikundi cha darasa na matangazo ya wakufunzi, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Tukumbuke kwanza msongo wenyewe unatoka wapi. Mwanafunzi wa chuo hapa kwetu habebi mtihani peke yake. Anabeba bumu lililochelewa, yaani fedha ya mkopo wa masomo, kodi ya geto ikiwa alikosa hosteli, sapu (mtihani wa marudio) ya mwaka jana ambayo hajamwambia baba yake, hofu ya disko (kuondolewa chuo kwa kufeli), na matarajio ya ukoo ambao pengine umeuza ng'ombe au kiwanja ili yeye afike Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hosteli za Magufuli za hapo chuoni zilipofunguliwa mwaka 2017 zilikuwa na nafasi za wanafunzi 3,840, na ziliwaondolea wengi adha ya kupanga mbali, lakini hata aliyepata kitanda humo anajua kwamba chumba ndicho darasa, kitanda ndicho meza, na mwenzako akiwa anasoma saa nane za usiku unaona haya kulala. Hakuna mahali ambapo kazi inaishia na mapumziko yanaanzia. Kwa hiyo mapumziko yanaanza na miguu, yaani kuondoka kwanza katika chumba ambacho kila ukuta unakudai jambo.

Nitauzungumzia mchezo wa jukwaani kwa urefu zaidi, kwa kuwa ndio tunaoujua vibaya kuliko vyote. Wengi wetu tuliopita sekondari za Tanzania tulikutana na tamthilia ikiwa kitabu teule. Tulifundishwa kuichambua kwa fani na maudhui, tukatafuta dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, tukakariri mifano ya kila hoja, tukaimwaga yote katika chumba cha mtihani wa Taifa, na baada ya hapo hatukuigusa tena. Wapo wenzetu wenye shahada ambao hadi leo wanaweza kukutajia wahusika wote wa tamthilia tatu na hawajawahi kuketi mbele ya jukwaa hata mara moja. Neno tamthilia likitajwa, mwili unakumbuka mtihani. Furaha ya kwanza ya kwenda kutazama mchezo ukiwa mtu mzima ni kugundua kwamba hakuna atakayekuuliza dhamira. Unaruhusiwa kumchukia mhusika bila kutoa sababu, na unaruhusiwa kucheka mahali ambapo mwandishi hakukusudia uchekeshwe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na kizazi cha waandishi wa tamthilia akina Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba kililelewa hapo. Wanafunzi wa fani hiyo wanaendelea kupandisha michezo jukwaani kama sehemu ya masomo yao. Katika mchezo mmoja wa namna hiyo nilioutazama, kijana aliyeigiza mwenye nyumba aliingia na daftari la madeni kwapani, akabisha hodi, akaita jina la mpangaji. Kabla mpangaji hajajibu, sauti ya msichana ikatoka safu ya nyuma: "Amesafiri!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule kijana hakutoka katika nafasi yake. Aligeuka polepole akatukabili, akalifungua daftari, akalamba kidole, akauliza kwa upole kabisa kama aliyejibu anakaa chumba namba ngapi. Nusu ya watu waliokuwa ukumbini walikuwa wapangaji wenye madeni ya kweli, na kila mmoja alilicheka deni lake.

Jambo hilo haliwezi kutokea kwenye simu. Sisi ni watu wa paukwa na pakawa, msimulizi wetu tangu zamani haanzi hadithi mpaka aitikiwe, na mtazamaji wetu hakuzoea kunyamaza. Anaonya, anazomea, anamwambia mhusika kwamba adui yuko nyuma yake. Unapocheka pamoja na watu mia moja juu ya shida ambayo ulidhani ni yako peke yako, aibu inapungua, na aibu ndiyo inayokula sehemu kubwa ya usingizi wa mwanafunzi. Nadhani hapa ndipo mchezo wa jukwaani unapoishinda filamu, hata filamu nzuri.

Sinema nayo ina faida yake. Jengo la maduka la Mlimani City liko jirani na chuo, na ndani yake mna kumbi za sinema ambazo mchana wa siku ya kazi huwa na viti vingi vitupu. Ukumbi ule ni wa giza, huwezi kuisimamisha filamu ili ujibu ujumbe, huwezi kuiruka sehemu inayokuchosha wala kuikimbiza ili ufike mwisho. Kwa saa mbili unafuata mwendo uliopangwa na mtu mwingine. Mwanafunzi ambaye siku nzima anajilaumu kwa namna anavyoutumia muda wake anahitaji sana saa mbili ambazo hana mamlaka nazo. Ushauri wangu ni kwamba usichague filamu kwa kuangalia umaarufu wake tu. Ikiwa umeelemewa na masomo ya sheria, usiende kutazama kesi ya mahakamani.

Kuhusu picha na vinyago, kuna jambo linalonisikitisha. Maelfu ya wanafunzi hupanda na kushuka daladala katika kituo cha Makumbusho, pale Kijitonyama, na hulitamka jina hilo kila siku, lakini wengi hawajawahi kuingia katika Kijiji cha Makumbusho kilichokipa kituo hicho jina. Ndani yake mna nyumba za asili zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, ikiwemo msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, na unaruhusiwa kuinama ukaingia. Ndani ya msonge kuna ubaridi na giza ambalo macho hulizoea polepole, kisha unaanza kuona jinsi fito zilivyofungwa kwa kamba kutoka chini hadi kileleni bila msumari hata mmoja. Robo saa humo inatuliza.

Mahali pengine ni kwa wachoraji wa Tingatinga, upande wa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa zilizotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini wa dari, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka yake ya kazi ilikuwa minne tu, na hadi leo watu wanachora kwa mtindo wake na kulisha familia kwa jina lake. Ukifika utakuta mafundi wameketi chini, kopo la rangi pembeni, na harufu ya mafuta ya taa hewani. Simama nyuma ya mmoja anayetia madoa ya chui. Anachovya ncha ya brashi, anaweka doa, anaweka jingine, hakosei nafasi wala haharakishi, na anaweza kuzungumza na jirani yake juu ya mpira bila kuinua macho. Kwa mtu aliyezoea kuruka kutoka kozi moja kwenda nyingine ndani ya saa moja, kumtazama mtu anayefanya jambo moja kwa subira ya namna ile ni dawa.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza (mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tatu)

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote na ninaukubali moyo wake, lakini nina mambo mawili ambayo naomba uyajibu kwa uzito.

La kwanza ni fedha. Bumu likiingia, siku hiyohiyo tunalipa deni la mama ntilie, tunatoa nakala za vitini, tunatuma kidogo nyumbani, na kinachobaki ni cha kuhesabu. Tiketi ya sinema pamoja na nauli, bila hata bisi, ni chakula cha zaidi ya siku moja. Ukimwambia kijana wa namna hiyo aende sinema ili apunguze msongo, utakuwa umemwongezea msongo wa njaa.

La pili ni muda. Sisi wa uhandisi tuna vipindi tangu asubuhi, maabara mchana na kazi za vikundi usiku. Nikitoka kwa muda wa saa nne siku ya Jumamosi, jua linapozama kuna mtu atakuwa amenipita kurasa arobaini. Nitakaa katika huo ukumbi, lakini akili yangu itakuwa hosteli. Je, hapo nimepumzika?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, asante kwa kuyasema haya waziwazi.

Kuhusu fedha, nakubali kwamba sinema ya kibiashara si ya kila wiki kwa mwanafunzi, na ndiyo maana sikuiweka mbele. Kuna mengi yasiyotaka fedha hiyo. Michezo ya wanafunzi wenzetu iko hapahapa chuoni. Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni, ni eneo la karakana za wasanii zilizojengwa kwa makontena, ambamo unaweza kuona mtu akichora, akichomelea vyuma au akichonga, na kuna ukumbi wa maonyesho. Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, zote ziko upande wa Upanga, huonesha filamu na picha, na shughuli zao nyingi hazina kiingilio. Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert yana kiingilio, lakini raia na wanafunzi wana bei yao nafuu, na humo ndimo limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mtu anayelia kwa sababu ya alama za somo moja akisimama mbele ya fuvu lenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu, sidhani kama atatoka na kilio kilekile.

Kuhusu muda, naomba nilete kidogo yale ambayo watafiti wameyaona, kwa sababu hofu yako ya kurasa arobaini haiondoki kwa maneno matamu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, na ikaeleza kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi na katika kuyatibu, yakiwemo ya akili. Mwaka huohuo jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu 6,710 nchini Uingereza, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, kwa takribani miaka 14. Wale waliokuwa wakienda kwenye makumbusho, maonyesho ya picha, matamasha ya muziki au michezo ya jukwaani mara moja au mbili kwa mwaka walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho kwa asilimia 14 kuliko wasiokwenda kabisa, na waliokwenda kila baada ya miezi michache au zaidi, kwa asilimia 31. Wale ni wazee wa Uingereza na sisi ni vijana wa Dar es Salaam, na utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba sanaa peke yake ndiyo iliyowalinda, ingawa watafiti walizingatia tofauti za kipato, elimu na afya. Ninachokichukua mimi ni kwamba hata mara chache kwa mwaka zilikuwa na uzito. Hakuna anayekudai uende kila Jumamosi.

Utafiti ulio karibu zaidi na umri wetu ulitolewa London mwaka 2025 na King's College. Watu 50 wenye miaka 18 hadi 40 waligawanywa, baadhi wakatazama michoro halisi katika jumba la Courtauld na wengine wakatazama nakala za michoro hiyohiyo mahali pengine. Kiwango cha kotisoli, yaani homoni inayopanda mwilini mtu anapokuwa na msongo, kilishuka kwa asilimia 22 kwa waliotazama michoro halisi na kwa asilimia 8 kwa waliotazama nakala. Idadi ya watu ni ndogo, lakini tofauti hiyo ndiyo ninayoisema tangu mwanzo ninapotofautisha ukumbi na simu.

Umeuliza kama kukaa ukumbini na akili ikiwa hosteli ni kupumzika. Dakika za mwanzo huwa hivyo kwa karibu kila mtu, nami nimo. Akili iliyozoea kuhesabu kurasa haikubali kuachia mara moja. Usipambane nayo. Keti mbele, maana ukikaa nyuma unaona vichwa na mlango, na ukikaa mbele unaona jukwaa peke yake. Zima simu kabisa, usiishie kunyamazisha mlio. Na panga kurudi ukiwa na kazi ndogo moja tu ya kufanya usiku huo, ili ujue kwamba siku haijapotea.

Mchangiaji wa pili (Nairobi)

Hamjambo majirani. Nimeona niwaletee hali ya huku kwetu, maana mambo yanafanana.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina bahati ya mahali kilipo. Ukitoka bewa kuu ukavuka barabara ya Harry Thuku, uko mlangoni pa Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa mwaka 1952 na kukarabatiwa upya mwaka 2015. Miaka ya 1970 wanafunzi wa chuo hiki walikuwa na kikundi cha kusafiri kilichopeleka michezo mashinani bila malipo, wakiigiza katika viwanja vya shule na masoko. Leo vikundi vya vichekesho hujaza kumbi mwishoni mwa wiki, na vichekesho vya lugha za mama, hasa Kikuyu, vina watazamaji wao waaminifu. Alliance Française na Goethe ziko karibu kiasi kwamba unaweza kuzipitia zote mbili katikati ya vipindi viwili vya mhadhara, na maonyesho yao ya picha huingia mtu yeyote.

Mwanzisha uzi amesema vyema kuhusu vitabu teule. Huku kwetu kuna vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza tamthilia za mtihani, na mamia ya watahiniwa hujazana ukumbini wakiwa na kalamu na daftari. Nilikaa miongoni mwao nikiwa kidato cha nne. Mhusika mkuu alipokuwa anakufa, jirani yangu alikuwa akiandika ukurasa ambao tukio hilo linapatikana. Baadaye, nikiwa chuoni, nilirudi katika ukumbi uleule bila daftari, na nilishangaa kwamba machozi yalinitoka kwa mchezo ambao sikutarajia chochote kutoka kwake.

Kwa wanaopenda utulivu, napendekeza Nairobi Gallery, katika makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo lile la mawe lilijengwa mwaka 1913 likiwa ofisi ya serikali ya kikoloni ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Sasa linahifadhi sehemu ya hazina ya Joseph Murumbi, aliyekuwa mtu wa pili kushika wadhifa wa Makamu wa Rais wa Kenya, mtu aliyekusanya sanaa ya Kiafrika wakati ambapo viongozi wengi hawakuona thamani yake. Nje magari yanapiga honi bila kikomo, ndani unasikia nyayo zako. Na kama mnatafuta kinachotuunganisha, Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965, mmoja wa waasisi wake ni Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro.

Mchangiaji wa tatu (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu na nimewahi kuwa mwanafunzi, na ninachotaka kukiongeza ni kwamba jambo hili kwetu si geni. Hapa mjini Unguja sinema ya Royal ilijengwa mwaka 1921, ikaungua mwaka 1953, na mahali pake pakajengwa Majestic iliyofunguliwa mwaka 1955. Wazee wetu wanaeleza kwamba siku ya Jumapili, filamu ya Kihindi ikiwa mpya, watu walivaa nguo zao nzuri, familia nzima ikatoka, na nyimbo zilizosikika humo ndani ziliimbwa barazani wiki nzima hata na wasioelewa neno moja la Kihindi. Yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, ili hata waliokuwa hawatoki ovyo wapate kutoka. Watu wale walikuwa na dhiki zao, wengine wakifanya kazi za sulubu bandarini, na walijua kwamba mtu hupumzika vizuri zaidi akiwa pamoja na wenzake.

Wanafunzi wa huku wana Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, ambalo wengi tunaliita ZIFF, lililoanza miaka ya mwisho ya 1990. Filamu huoneshwa Ngome Kongwe, usiku, chini ya mbingu, watazamaji wakiwa wameketi kwenye ngazi za mawe. Nawasihi wanafunzi wasilione kuwa ni jambo la watalii. Ngazi zile ni ngumu, chukueni kanga au mto mdogo wa kukalia, na mkae upande ambao upepo wa bahari unafika. Niliwapeleka wanafunzi wangu waliokuwa wamemaliza mitihani ya majaribio wakiwa wamenuna wote, na njiani kurudi walikuwa wakibishana juu ya mwisho wa filamu kwa sauti ambayo sikuisikia darasani mwaka mzima.

Mchangiaji wa nne (muuguzi)

Nawapongeza wote, lakini naomba tusichanganye mambo mawili. Uchovu wa masomo ni jambo moja na ugonjwa wa sonona ni jambo jingine. Mwanafunzi ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali au analala kupita kiasi, hana hamu ya chakula, hafurahii hata yale aliyokuwa akiyapenda, anajiona hafai, au anawaza kujidhuru, huyo asiambiwe aende sinema ikaishia hapo. Apelekwe kwa mshauri nasaha wa chuo, kwa mlezi wa wanafunzi au hospitalini, na asiachwe aende peke yake. Na mkimwalika mwenzenu kwenye mchezo mkaona anakaa pale kama hayupo, msimcheke wala msimlazimishe kuchangamka. Mnapotoka, tembeeni naye, mumuulize ana hali gani, na mkubali kusikiliza jibu refu.

Mwanzisha uzi

Dada muuguzi, nakushukuru sana, na naomba kila anayeusoma uzi huu aanze na maneno yako kabla ya yangu. Sanaa haichukui nafasi ya daktari. Nimeona pia kwamba ulichokisema juu ya kutembea pamoja baada ya onyesho kina uzito kuliko nilivyokuwa nimeuona. Mengi ambayo mwanafunzi hawezi kuyasema akiulizwa uso kwa uso huyasema kwa kumzungumzia mhusika. Atasema kwamba yule kijana wa kwenye mchezo alipaswa kumwambia baba yake ukweli kuhusu matokeo, na hapo rafiki mwenye masikio atajua ni sapu ya nani inayozungumziwa.

Mwalimu wa Unguja, suala la kanga na mto nimelichukua. Ndugu wa Nairobi, ushauri wako wa kupita kwenye maonyesho katikati ya vipindi unafaa pia kwa wenzetu wanaosomea afya Muhimbili, kwa kuwa Upanga ni jirani yao na hawana sababu ya kusubiri Jumamosi.

Kuna walioniandikia pembeni wakiuliza kama ni lazima mtu awe na kampani. Kwenye picha na makumbusho mimi napenda kwenda peke yangu, kwa sababu kila mtu ana mwendo wake mbele ya picha, na rafiki mwenye haraka atakuvuta mkono kabla hujamaliza kuitazama. Usijilazimishe kuona kila kitu. Chagua kazi mbili au tatu, ukae nazo, kisha utoke. Kwenye sinema, peke yako au na mwenzako ni sawa. Kwenye mchezo wa jukwaani nendeni wengi, na mwalikeni hasa yule wa chumba chenu ambaye kila mara husema hana muda.

Wameuliza pia wakati unaofaa. Mazoea yetu ni kungoja mtihani wa mwisho uishe ndipo watu wamwagike mjini, na kufikia hapo mwili umekwisha kuchakaa, wengi hawafanyi lolote zaidi ya kulala siku mbili mfululizo. Napendekeza mtu atoke mara moja katikati ya muhula, majaribio ya kwanza yakishapita, na mara nyingine wiki moja kabla ya UE kuanza, iwe mchana na siyo usiku, ili usingizi usiguswe. Usiku wa kuamkia mtihani usiende popote.

Wenzetu wa Dodoma, Mwanza, Mbeya na Arusha, naomba mtuandikie mnachokipata huko, kwa kuwa nimezungumzia zaidi ninapopafahamu. Na yeyote mwenye ratiba ya michezo au maonyesho ya muhula huu aiweke hapa chini pamoja na saa ya kuanza, kiingilio kama kipo, na kituo cha daladala cha kushukia.